Nikitolewa Nje, Nakwenda Wapi

Sauti yangu ni kubwa, sikatai. Nilizaliwa nayo hivyo na nimezeeka nayo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikimwita kutoka jikoni, majirani wote wanaitika kabla yake. Nimeshona mapazia maisha yangu yote, na cherehani ya miguu ina kelele, mtu akitaka kusikika lazima apaze. Basi nikazoea kupaza. Mume wangu alipoondoka, sauti ikabaki haina kazi.

Yeye alikuwa fundi redio, mtu mpole asiyegombana na yeyote, ila redio yenyewe alikuwa akibishana nayo. Msoma habari akisema hili, yeye anamjibu, hapo umechapia bwana. Sasa redio inasema peke yake, hakuna wa kuibishia. Wateja nao wamepungua. Watu wananunua mapazia yaliyokwisha kushonwa, marefu mno au mafupi mno, wanayaning'iniza hivyo hivyo wala hawaoni aibu. Kuna siku jua linazama ndipo nashtuka kwamba sijatamka neno tangu niamke. Nasema "haya" mbele ya birika la chai, na hiyo haya inatoka imekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini sijamwambia mtu njoo ukae na mimi. Hilo sijasema na sisemi.

Mtoto wa mdogo wangu ndiye aliyeniingiza katika mambo ya kompyuta. Ni muuguzi, tena si wa wodi za kawaida, ni wa ile ya mahututi, ambako mgonjwa hawezi hata kusema anaumwa wapi. Mashine inampumulia, na mashine nyingine inachora moyo wake kwa mistari. Siku hizi anafundisha wenzake kazi hiyo. Alikuja mchana mmoja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai yangu, akazungukazunguka na maneno kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Mwishowe akasema kwamba chuoni kwao wanatengeneza gemu.

Nikamuuliza gemu gani, zile za watoto za kukimbizana na kupigana risasi? Akasema hapana, ni ya wauguzi. Muuguzi mgeni hawezi kujifunzia juu ya mtu aliye hoi, akikosea ndiyo basi tena. Katika gemu anapewa mgonjwa wa kuchorwa. Pumzi zikishuka atafute sababu, kama bomba limeziba au limechomoka, amnyonye makohozi, amwite daktari, na yote hayo saa inakimbia. Akikosea, mgonjwa anakufa kifo cha uongo, na yeye anaanza upya.

"Sasa mimi na hayo wapi na wapi?" nikamuuliza.

"Tunatafuta sauti, Mama Mkubwa. Ya ndugu wa mgonjwa. Yule anayeingia katikati ya kazi na kuanza kuuliza maswali."

"Yaani msumbufu."

Akaficha uso ndani ya kikombe. "Umesema wewe, mimi sijasema."

Nilikubali ili anyamaze. Ndivyo nilivyomwambia.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya chuo. Magodoro yaliegemezwa ukutani pande zote ili mwangwi usirudi, na kipaza sauti kilivishwa soksi. Fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, aliniamkia, nikaitika, nikamuuliza soksi ile ni ya mguu wa nani. Akasema ni yake lakini imefuliwa. Tukaelewana pale pale. Yeye ananiita fundi, mimi namwita fundi, na mtoto wa mdogo wangu kila likiitwa jina hilo hajui ageukie wapi.

Fundi akanipa karatasi yenye maneno ya kusema. Mimi shule niliiacha mapema. Kusoma nasoma, ila taratibu, na macho nayo yanataka mwanga. Nikaisoma kimoyomoyo mpaka mwisho. Imeandikwa: samahani muuguzi, ningependa kufahamu hali ya mgonjwa wangu. Nikamrudishia.

"Hii sisemi."

Akadhani sikuona vizuri, akataka kunisomea. Nikamwambia nimeona vizuri sana. Mwenye mtu wake mle ndani hasemi ningependa kufahamu. Anayependa kufahamu ni mkaguzi.

Akajikuna ndevu. "Basi anasemaje, fundi?"

Nikaisogelea ile soksi. Sikuhitaji kufikiri, maneno yalikuwapo tu, yamekaa humo miaka. Nikasema, "Sista, huyu anapumua mwenyewe au ndiyo mashine?" Nikasema, "Mbona mkono wake wa baridi hivi?" Nikasema, "Sitoki. Nimekaa naye tangu ujana wetu, nitokeje sasa?"

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa akiyaangalia magodoro. Fundi alizima mashine yake polepole, akasema tumepata, hakuna haja ya kurudia. Nikamwambia sikuwa na nia ya kurudia, nilikuwa na nia ya chai.

Siku zilizofuata nilitembea nimenyoosha shingo. Nikikanyaga cherehani nawaza, saa hizi sauti yangu iko mahali inafanya kazi. Yupo mtu ninamuuliza, naye ananijibu. Nilikuwa na hakika kwamba ananijibu. Ndicho kilichokuwa kikinifurahisha, wala si kingine. Nyumbani nilianza hata kuiambia redio kwamba imechapia.

Kisha mtoto wa mdogo wangu akarudi, safari hii na mfuko wa machungwa. Mtu anayekuletea matunda nawe huumwi ana lake jambo. Nikamwacha amenye, ale, afute vidole. Akasema wanafunzi wameijaribu gemu na wameipenda, isipokuwa yule bibi. Anawachelewesha, anawaharibia alama. Wakubwa wa chuo wanasema aondolewe, au atafutwe mpole, aseme mara moja na kutoka. Wataamua wiki inayofuata.

"Kwa hiyo wananiondoa."

"Si wewe, Mama Mkubwa. Ni sauti tu."

"Sauti ya nani?"

Akaanza kuokota maganda ya machungwa. Nikamwambia nitakwenda kujionea. Akasema hakuna haja ya kujisumbua, ni mbali, jua kali, nami wakati huo nilikuwa nimeshainama natafuta viatu chini ya meza.

Darasani walikuwa wamekaa safu kwa safu, kila muuguzi na kompyuta yake. Nikasimama nyuma, karibu na mlango. Jambo la kwanza nililosikia ni mimi. Kona hii nauliza habari za mkono, kona ile nauliza habari za kupumua, dirishani nakataa kutoka. Soko zima, na wauzaji wote ni mimi. Lakini hapakuwa na mahali nilipofika mwisho wa maneno. Sista, huyu anapumua mwe, kimya. Mbona mkono, kimya. Sito, kimya.

Nikasogea kuona wanafanya nini. Kwenye kioo mlikuwa na picha ya bibi aliyefunga kitambaa kichwani, na chini yake vitufe vitatu. Mjibu. Mwombe asubiri nje. Endelea na kazi. Vidole vyote vilikuwa vinakwenda cha katikati. Binti mmoja mwenye mwanya alikuwa anamwelekeza jirani yake jinsi ya kupata alama.

"Bibi huyu ukimsikiliza umekwisha," alisema. "Akifungua mdomo tu, mtoe. Ana sauti kama king'ora."

"King'ora nacho kina kazi yake," nikasema.

Ilikuwa kama umeme umekatika. Vichwa vyote viligeuka pamoja. Walikuwa wamenisikia mara nyingi kiasi kwamba walinijua kabla ya kuniona uso. Mwanya aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, akaitazama tena kompyuta kama anayetafuta tundu nililotokea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, bibi." Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakaza uso, ingawa kicheko kilikuwa kimeshanifika kooni.

"Marahaba. Nipishe kwenye kiti."

Fundi akaja kunionyesha kipanya kinavyoshikwa. Mkono uliokata vitambaa miaka yote ulikizoea upesi. Nikaingia wodini. Kwanza nikamwambia pazia la kitanda alilolichora halina mkunjo hata mmoja, limening'inia kama ubao. Akasema atalirekebisha. Mtoto wa mdogo wangu alisimama nyuma yangu, mikono mifukoni, bila kunisaidia.

Mgonjwa alikuwa mwanamume, macho yamefumbwa, bomba mdomoni. Namba ya pumzi ikaanza kushuka, mashine ikalia. Upande mmoja kulikuwa na maelekezo kwa herufi kubwa, nashukuru kwa hilo. Sikiliza kifua. Nikasikiliza. Angalia bomba. Nikaangalia. Namba bado inashuka. Hapo mlango ukafunguka, akaingia bibi wa kitambaa, na sauti yangu ikasema, "Sista, huyu anapumua mwenyewe au ndiyo mashine?"

Nilimsikia. Sikumjibu. Nilikuwa natafuta mpira wa kunyonyea makohozi.

"Mbona mkono wake wa baridi hivi?"

Midomo ya mgonjwa ilikuwa inabadilika rangi. Namba ilikuwa imefika pabaya, imekuwa nyekundu, na kelele ile ya mashine inaingia mpaka kwenye meno.

"Sitoki. Nimekaa naye ta"

Nikambonyeza. Kitufe cha katikati. Sikuwaza, kidole kilikwenda chenyewe. Akapotea, pakatulia, nikaupata mpira, nikanyonya, na namba ikaanza kupanda kidogo kidogo mpaka mistari ikakaa sawa. Kioo kikaandika Hongera. Darasa likanipigia makofi, na Mwanya akasema bila ubaya wowote, "Si umeona mwenyewe, bibi?"

Nilikuwa nimeona. Nilikaa na kile kipanya mkononi, nikaangalia picha yote. Kitanda kipo, mashine ipo, pazia lisilo na mkunjo lipo, mlango umefungwa.

"Fundi," nikasema, "nikitolewa nje, nakwenda wapi?"

"Huendi popote, fundi mwenzangu," akajibu akitabasamu. "Nje hatukuchora. Ukitolewa unafutika."

Kisha akaniona uso, na tabasamu likamwisha.

Mimi nje napajua. Pana benchi. Sikupanga kusema, lakini nilisema, pale mbele ya wanafunzi wa watu. Siku mume wangu alipobanwa na kifua tukampeleka, sista mmoja aliniambia subiri nje kidogo mama, akanishika na bega kabisa, kwa upole. Nikakaa. Mlango ule una kioo cha ukungu, unaona vivuli vinapita, huoni ni vya nani. Vivuli vilikuwa vinakimbia. Baadaye vikawa vinatembea. Nikajipa moyo, nikasema wakitembea maana yake ametulia. Zamu ikabadilika. Waliotoka walinipita na mikoba yao, wanazungumza habari za usafiri, na kila mmoja nadhani aliamini mwenzake ameshaniambia. Nikawaitikia kwaheri zao. Sista wa zamu mpya akanikuta, akauliza namsubiri nani. Nikamwambia yule wa kitanda cha dirishani. Akaingia, akatoka, akasimama ameshika kitasa.

Akasema, "Kwani hawajakuambia, mama?"

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa hajui. Wakati ule bado alikuwa shuleni. Watu wote walidhani nilikuwa kando ya kitanda nimeshika mkono, na mimi sikuona sababu ya kuwaeleza yaliyo yangu. Aliweka kiganja chake juu ya mgongo wa kiti.

"Benchi lile lipo hadi leo," akasema. "Nalipita kila siku nina haraka zangu."

Nikawaambia sitaki tena kujibiwa katikati ya kazi. Nimekaa kwenye kiti chao na nimeona, nafasi ya kujibu haipo. Nitoeni. Ila huko nje pawepo. Na muuguzi akishamaliza na mgonjwa, amepona au hakupona, afungue mlango aje aniambie.

"Na asipokuja?" fundi akauliza.

"Basi hajamaliza."

Wiki ile ya kusubiri wakubwa waamue ilikuwa ndefu. Sikushona. Mtoto wa mdogo wangu alinipigia simu mara moja tu, akasema wanabishana. Wengine wanasema gemu ni ya mashine na dawa, si ya mazungumzo, na mambo ya ndugu yana somo lake kwenye daftari. Nikamwambia mimi sijali. Nilipokata simu nikabaki nimesimama nayo katikati ya chumba, sijui nilikuwa nakwenda wapi.

Fundi alikuja siku ya pili yake na kompyuta ya kubeba. Akasema hajangoja ruhusa, anachora tu, kuchora si kosa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza benchi lilikuwaje. Nikamweleza. La mbao, miguu ya chuma, na upande wa kushoto kuna msumari uliojitokeza kichwa, unaonasa nguo. Nilikaa na gauni langu limenaswa pale nisijue mpaka niliposimama. Akauchora na msumari. Halafu akatoa ile soksi mfukoni, akataka nimpe maneno ya kusema bibi akiwa benchini.

"Pale mtu hasemi," nikamwambia. "Rudisha soksi yako mguuni."

Wakubwa walikubali mwishowe, kwa shingo upande. Mtoto wa mdogo wangu anasema kilichowageuza ni pale alipowauliza, mmoja mmoja, kama waliwahi kukaa kwenye benchi kama lile. Sasa ile Hongera haitoki mpaka mlango ufunguliwe. Siku ya kwanza darasa karibu zima liliokoa wagonjwa wake, wakakunja mikono, wakangoja sifa. Zikawa haziji. Mwanya akanyoosha mkono akasema gemu imeganda. Fundi akapita nyuma yake.

"Haijaganda," akamwambia. "Kuna mtu anakusubiri."

Mtoto wa mdogo wangu alinisimulia hayo kwenye simu, tukacheka sana. Kisha akasema zamu inaanza, lazima akimbie, atakuja kunitembelea akipata nafasi. Nafasi bado hajaipata. Simlaumu, wodi ile haina mchezo. Nasikia wanafunzi wananiita Bibi King'ora, na kwamba wengi sasa wanafungua mlango bila kukumbushwa. Hakuna aliyekuja hapa kwangu, na kwa nini waje, wana kazi.

Fundi alinitilia gemu hiyo kwenye simu yangu. Mchana nikishafunika cherehani naingia wodini. Mara nyingi nafanikiwa, natoka nje, nambonyezea yule bibi habari njema, naye anasimama na mkoba wake. Mchana mmoja nilichelewa kuona bomba limechomoka. Mstari ukalala. Mashine ikatoa ule mlio mmoja mrefu.

Najua mgonjwa yule amechorwa. Namjua hata aliyemchora na soksi zake. Lakini nilitafuta kitufe cha kuanza upya, hakipo. Kulikuwa na mlango tu. Nikaweka kidole juu yake, nikakiondoa. Nikaenda kuchemsha chai, nikainywa nimesimama. Niliporudi mlango ulikuwa palepale, hautaki jingine kwangu.

Nikaufungua. Alikuwa amekaa upande wa kushoto, mkoba mapajani, gauni karibu na msumari. Chini palikuwa na vitufe vitatu. Mwambie. Mwite daktari amwambie. Keti karibu naye. Nikabonyeza hicho cha mwisho, na muuguzi wa kuchorwa akaketi. Hapakuwa na sauti. Nilikataa mwenyewe kuiweka. Nikaiegemeza simu kwenye cherehani, nikavuta kiti cha wateja, tukakaa, wao kwenye benchi lao na mimi kwenye kiti changu, mpaka kioo cha simu kikaanza kufifia, nikakigusa kisizime.

Halafu nikamwambia. Sikubonyeza kitu, nilimwambia kwa mdomo, kwa sauti hii hii, kwamba hakuteseka sana, kwamba tulijaribu, kwamba asikae hapo tena akisubiri. Nikamwambia aangalie gauni lake lisinaswe.

Jirani akagonga ukuta, akauliza naongea na nani.

Nikamjibu, mteja.